Mashine inayojua imekosa wangapi

Sisi tunaoishi kambini tunajua kuhesabiwa kuliko watu wengi. Tulihesabiwa siku ya kuingia, tunahesabiwa kwenye mgao, na kila baada ya muda tunahesabiwa upya, vidole kwenye kioo na macho kwenye kamera. Kwa hiyo nimeona niandike historia ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu vitu vidogo visivyoonekana kabisa, na vyombo vya umeme walivyotengeneza ili viwasaidie. Vitu hivyo ni chembe zinazotoka ndani ya atomu, na nyingine zinazotushukia kutoka anga za juu. Wataalamu wa fizikia ya nyuklia huzikamata kwa vigunduzi. Nyuma ya kila kigunduzi kuna saketi za elektroniki zinazopokea mapigo ya umeme, kuyachuja, kuyahesabu na kuyaandika.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini. Nilimaliza sekondari upande wa sayansi, chuo sijafika. Haya ninayoandika nimeyasoma kidogo kidogo, vitabuni na kwenye simu pale mtandao unapokubali, kwa sababu vijana wa klabu yetu waliuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Waliuliza: kitu usichoweza kukiona wala kukishika, unajuaje kwamba umekihesabu sawasawa?

Jibu fupi ni kwamba huwezi kukihesabu chote, ila unaweza kujua umekosa kiasi gani. Jibu refu ndiyo historia hii. Ndani yake kuna mkimbizi mmoja, kuna mtoto mmoja wa wahamiaji aliyefungwa kambini, na kuna udongo wa Kongo.

Macho gizani

Mwaka 1909, mjini Manchester, Uingereza, Hans Geiger na mwanafunzi aitwaye Ernest Marsden walikuwa wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford. Walitaka kujua chembe za alfa zinafanya nini zikigonga bamba la metali. Chombo chao kilikuwa kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Chembe ikikigonga, kinatoa cheche ndogo sana ya mwanga. Mtu anakaa kwenye chumba cha giza mpaka macho yazoee, kisha anachungulia kwa hadubini na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Macho yanachoka upesi, kwa hiyo lazima kupokezana.

Kwa kuhesabu hivyo waliona kwamba chembe kama 1 kati ya 8,000 ilikuwa inarudi ilikotoka, kama mpira uliogonga ukuta. Kutokana na hizo chache zilizorudi, mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba atomu ina kiini kidogo, kizito, katikati yake. Hebu tafakari hapo. Kama wangesema moja kati ya elfu nane si kitu, tuiache, habari ya kiini cha atomu ingechelewa.

Lakini macho yana matatizo yake. Miaka ya 1920 maabara ya Cambridge na maabara ya Vienna, Austria, zilibishana kwa muda mrefu. Vienna waliona cheche nyingi, Cambridge waliona chache, na kazi ilikuwa ileile. Mwaka 1927 James Chadwick wa Cambridge akafunga safari hadi Vienna. Akaomba kusimamia hesabu mwenyewe, akapanga majaribio bila kuwaambia wale wanawake waliokuwa wakihesabu kwamba sasa wanatarajiwa kuona nyingi au chache. Matokeo yakabadilika, yakawa kama ya Cambridge. Wale wahesabuji hawakuwa waongo. Walikuwa wanajua mkubwa wao anatarajia nini, na jicho lililochoka gizani huona linachotarajiwa kuona.

Kabla ya hapo, mwaka 1924, Geiger na mwenzake Werner walikuwa wametumia njia nzuri sana ya kupima udhaifu wa macho. Waliweka watu wawili watazame kioo kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiandika peke yake. Tuseme mimi nimeona cheche 40, wewe umeona 45, na tukilinganisha tunakuta 30 tumeziona sote wawili. Sasa angalia: kati ya 45 zako, mimi niliona 30, yaani theluthi mbili. Basi mimi nina kawaida ya kuona theluthi mbili ya zilizopo. Kama 40 zangu ni theluthi mbili, jumla ya kweli ni 60. Zile ambazo angalau mmoja wetu aliziona ni 55. Kwa hiyo cheche 5 hakuna aliyeziona, si mimi wala wewe, na bado tumeweza kuzihesabu.

Nilipoielewa hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu kwenye daftari. Ina sharti moja: mashahidi wawe huru. Ukinakili kwangu, au kama sote tumekaa pembe moja ambayo haioni upande wa pili wa kioo, hesabu inaharibika.

Mrija na muda wake mfu

Mwaka 1928 huko Kiel, Ujerumani, Geiger na mwanafunzi wake Walther Müller walitengeneza mrija ambao bado unabeba majina yao. Ni silinda ya metali yenye gesi kidogo ndani na waya mmoja katikati. Kati ya waya na ukuta wa silinda unaweka volti nyingi. Chembe ikipita, inang'oa elektroni chache kwenye gesi. Elektroni hizo zinavutwa kwa nguvu kuelekea kwenye waya, zinagonga nyingine njiani, nazo zinagonga nyingine, mpaka linapatikana pigo la umeme linaloweza kusikika kwenye spika: tak.

Hapo macho yakapumzika. Lakini kumbe mrija nao unachoka. Baada ya kila pigo unahitaji kitambo cha kurudi katika hali yake, na katika kitambo hicho chembe ikipita haihesabiwi. Wataalamu wanakiita muda mfu. Kwa mrija wa kawaida ni kama sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde. Ni kidogo sana, lakini fanya hesabu. Mrija ukionyesha mapigo 1,000 kwa sekunde, jumla ya muda uliokuwa umefungwa ni sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Kwa hiyo zile 1,000 zimehesabiwa ndani ya sehemu 9 tu kati ya 10. Idadi ya kweli ni kama 1,111. Chembe 111 zilipita mlango ukiwa umefungwa.

Mpaka hapa si vibaya, kwa sababu ukijua muda mfu wako unaweza kurekebisha. Hatari kubwa iko kwingine. Mionzi ikiwa mikali kupita kiasi, chembe mpya inafika kabla mrija haujazinduka, na nyingine baada yake, na nyingine. Mrija haupati nafasi ya kuinuka kabisa. Namba inaanza kushuka, na baadhi ya vyombo huonyesha sifuri. Ndiyo maana mtu anayefundishwa kupima mionzi huambiwa awashe chombo akiwa mbali, asogee polepole, na asiiamini sifuri ya ghafla. Palipo na wengi kupita uwezo wa mashine, mashine inaweza kusema hakuna mtu.

Tatizo jingine lilikuwa kuandika. Kidude cha kuhesabia cha siku zile kilikuwa cha magurudumu, kama mita ya maji, nacho hakikuweza kukimbizana na mapigo. Mwaka 1931 na 1932, Cambridge, C. E. Wynn-Williams akapata dawa. Alitengeneza saketi inayopokea mapigo mawili na kutoa moja. Ukiunganisha saketi tatu za namna hiyo, kidude cha magurudumu kinasogea mara moja kwa kila mapigo 8. Hiyo ni hesabu ya mbili-mbili, ndugu yake yule yule anayefanya kazi ndani ya simu yako leo.

Rossi na mashahidi watatu

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda zaidi katika habari hii. Bruno Rossi alizaliwa Venice, Italia, mwaka 1905. Mwaka 1930 alikuwa kijana anayefundisha Arcetri, kilimani juu ya jiji la Florence, mahali pasipo na pesa nyingi. Alikuwa amesoma makala ya Wajerumani wawili, Walther Bothe na Werner Kolhörster. Hao waliweka mirija miwili ya Geiger, mmoja juu ya mwingine. Mrija mmoja ukipiga peke yake, huenda ni mionzi ya ukuta wa nyumba au kelele yake wenyewe. Miwili ikipiga kwa pamoja, kuna sababu ya kuamini kwamba chembe moja imeipitia yote. Wazee wetu wanasema mkono mmoja haulei mwana. Hapa tuseme mrija mmoja hautoi ushahidi.

Rossi akatengeneza saketi iliyo bora kuliko ya Bothe, inayoweza kupokea mirija mitatu au zaidi. Mtu anayeteka maji ataielewa upesi. Chukua bomba lenye koki tatu, zote ziko wazi. Presha ndani iko chini kwa sababu maji yanatoka. Funga koki moja, maji yanaendelea kutoka kwa zile mbili. Funga mbili, bado yanatoka. Lakini zikifungwa zote tatu kwa mpigo, presha inaruka juu. Rossi alifanya hivyo kwa umeme. Badala ya koki alitumia valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Kila mrija uliunganishwa na valvu yake, na chembe ikipita kwenye mrija, valvu yake inajifunga kwa kitambo kidogo. Zikijifunga zote pamoja, volti inapanda, na chombo kinaandika: moja. Watu wa kompyuta wakiiona saketi hiyo leo wanaitambua mara moja. Ni lango linalofunguka pale tu hiki na kile na kile vimetimia.

Kwa saketi hiyo Rossi alionyesha kwamba baadhi ya chembe za mionzi ya anga za juu zinapenya zaidi ya mita 1 ya risasi, ile metali nzito. Watu walishangaa. Chembe hizo zinapita mwilini mwako sasa hivi unaposoma. Nyoosha kiganja: karibu kila sekunde inapita moja.

Lakini ushahidi wa pamoja nao una kasoro yake, na Rossi aliijua. Wakati mwingine mirija miwili hupiga pamoja kwa bahati tu. Tuseme kila mrija unapiga mara 10 kwa sekunde, na saketi haiwezi kutenganisha mambo yaliyoachana kwa chini ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Utapata mapigo ya pamoja ya bahati kama 12 kila dakika, bila chembe yoyote kupita kotekote. Lazima uyajue, uyatoe.

Mwaka 1933 Rossi na wenzake walisafiri hadi Asmara, Eritrea, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Italia. Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na iko karibu na ikweta kuliko Italia, mahali pazuri pa kuuliza kama mionzi ya anga inatoka zaidi magharibi au mashariki. Waliona inatoka zaidi magharibi, na hiyo ilionyesha kwamba chembe nyingi zinazofika duniani zina chaji chanya. Wenzao huko Mexico walikuwa wamekwisha kuona jambo hilohilo miezi michache kabla.

Kitu kipya kilitokea pembeni. Ili kupima yale mapigo ya bahati, Rossi aliitenganisha mirija, akaiweka mbalimbali kiasi kwamba chembe moja isingeweza kuipitia yote. Alitarajia idadi ndogo inayolingana na hesabu yake. Ikawa kubwa kuliko hesabu. Maana yake, mara kwa mara mvua ya chembe nyingi ilikuwa inashuka kwa pamoja juu ya eneo pana. Aliiandika katika makala ya Kiitaliano, akaendelea na mengine. Miaka michache baadaye Mfaransa Pierre Auger aliichunguza kwa kina, na leo mvua hizo zinapimwa kwa vigunduzi vilivyotandazwa kilomita kwa kilomita. Ugunduzi ulipatikana Asmara, Afrika, kwa sababu mtu alijali kupima kosa la chombo chake.

Mkimbizi Rossi na udongo wa Kongo

Mwaka 1932 Rossi alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Padua. Alipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa jengo jipya la fizikia, akaifanya kwa miaka. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Rossi alikuwa Myahudi. Akafukuzwa kazi, akaliacha jengo alilolijenga. Yeye na mkewe Nora, waliooana mwaka huohuo, walitoka Italia wakapita Copenhagen, kisha Manchester, na mwaka 1939 wakafika Marekani.

Watu wa kambini tunajua mtu anabeba nini akitoka namna hiyo. Rossi alibeba ujuzi wa saketi. Nchi mpya ilimpokea, lakini Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Italia, kwenye karatasi akawa raia wa nchi adui. Katika hali hiyo, yeye na mwanafunzi wake Norris Nereson walipima kitu ambacho wengi walidhani hakipimiki: muda anaoishi muoni, ile chembe inayopita kiganjani mwako, kabla ya kuvunjika. Rossi alibuni saketi inayogeuza muda kuwa volti. Chembe ikiingia, saketi inaanza kujaza. Ikivunjika, inaacha. Muda mrefu unatoa pigo kubwa, muda mfupi pigo dogo. Mwaka 1943 walitoa jibu: sehemu 2.15 za milioni ya sekunde, kuongeza au kupunguza 0.07. Leo, kwa vyombo vyote vya kisasa, jibu ni 2.197. Liko ndani ya mipaka aliyoiweka. Hiyo "kuongeza au kupunguza" ndiyo heshima yake. Alisema anachojua, na akasema hajui kwa kiasi gani.

Mwaka huohuo akaitwa Los Alamos, New Mexico, kwenye mradi wa bomu la atomu. Huko aliongoza, pamoja na Hans Staub, kikundi cha vigunduzi. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza lilipojaribiwa, vyombo vya Rossi vilipima jinsi mlipuko wa viini ulivyokua ndani ya sehemu za bilioni za sekunde.

Hapo ndipo habari yake inakutana na yetu. Uranimu nyingi iliyotumika katika mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mgodi wa kampuni ya Union Minière karibu na Likasi. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mawe yale yalikuwa na uranimu nyingi ajabu, baadhi yakifika zaidi ya nusu ya uzito wake, wakati migodi ya nchi nyingine ilifurahia sehemu ndogo tu ya asilimia 1. Tani za mawe ziliandikwa kwa uangalifu. Wanaume wa Katanga waliochimba na kupanga mawe hayo, sikukuta jina hata moja katika nilivyosoma. Namba iliandikwa pale ilipomhusu mnunuzi.

Mwaka 1959, kabla ya uhuru, Kongo ilipata kinu cha utafiti wa nyuklia, TRICO, katika chuo cha Lovanium, Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa. Kilikuwa cha kwanza Afrika. Kinu kama hicho hakiendeshwi bila vyombo vya kuhesabu nyutroni usiku na mchana. Basi saketi za kuhesabu si habari ya Wazungu peke yao. Kuna Wakongo waliojifunza kuzisoma miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa.

Nyaya nyingi na kichujio

Baada ya vita saketi ziliongezeka akili. Mwaka 1950 Mwingereza Denys Wilkinson alieleza njia ya kugeuza ukubwa wa pigo kuwa namba. Pigo linajaza kapasita, kisha kapasita inamwaga umeme kwa mwendo uleule, huku saa ikihesabu tik, tik, tik mpaka iishe. Pigo kubwa, tik nyingi. Mwaka 1964 Wamarekani walikubaliana kipimo kimoja cha masanduku ya saketi, kiitwacho NIM, ili kifaa cha maabara hii kiingie katika sanduku la maabara ile. Mwaka 1969 Ulaya ikatoa CAMAC, ambayo iliunganisha masanduku hayo na kompyuta. Yeyote aliyewahi kuona sola ya msaada huu isiyoingia plagi ya msaada ule anajua faida ya makubaliano kama hayo.

Hata hivyo, katika majaribio makubwa macho yalikuwa yamerudi kazini. Chembe zilipigwa picha, na watu, wengi wao wanawake, walikaa mezani wakikagua maelfu kwa maelfu ya picha. Aliyeondoa kazi hiyo ni Georges Charpak. Alizaliwa mwaka 1924 katika mji uliokuwa Poland, leo ni Ukraine. Wazazi wake walimleta Ufaransa akiwa na miaka 7. Wakati wa vita alifungwa na utawala wa Vichy, na mwaka 1944 akapelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Alitoka hai mwaka 1945, na mwaka uliofuata akapewa uraia wa Ufaransa. Mwaka 1968, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alitengeneza chumba cha gesi chenye nyaya nyingi zilizopangwa sambamba, zikiachana milimita chache. Kila waya una kikuza-sauti chake kidogo cha transista, yaani kila waya ni shahidi anayejitegemea. Kompyuta inapokea ushahidi wote na kuchora njia ya chembe. Kazi ikawa haraka mara elfu kuliko zamani. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Kasi hiyo ilileta tatizo jipya. Katika mashine kubwa ya CERN iitwayo LHC, makundi ya protoni hupishana mara milioni 40 kila sekunde. Hakuna kompyuta duniani ya kuandika yote hayo. Kwa hiyo saketi za kwanza zinaamua, ndani ya sehemu chache za milioni ya sekunde, kipi kina dalili ya kuwa muhimu. Zinapunguza hadi kama 100,000 kwa sekunde. Kisha kompyuta nyingi zinachuja tena, zinabaki kama 1,000. Yaani kati ya mapishano 40,000 linahifadhiwa 1. Mengine yamepotea, hayarudi. Kwa kichujio hicho ilipatikana chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012.

Je, kama kichujio kinatupa kitu cha maana? Wataalamu wanaliogopa swali hili, nao wameliwekea utaratibu. Kila wakati wanahifadhi sampuli ndogo iliyochukuliwa karibu bila kuchagua, ili waitumie kukipima kichujio chenyewe. Kila kitambo ambacho vyombo vilikuwa na shughuli au vimezimika kinaandikwa na kutolewa katika hesabu. Na matokeo yakichapishwa, yanatoka pamoja na uwezo wa kichujio: kati ya mia kilizopaswa kuzikamata, kimekamata ngapi.

Kwa wanaohesabu na wanaohesabiwa

Ndugu zangu, sisemi tusihesabiwe. Asiyehesabiwa hapati mgao, shule wala dawa. Wala sisemi watu ni chembe. Ninachosema ni kwamba wale wanaohesabu vitu visivyo na njaa wamejiwekea sharti ambalo wanaotuhesabu sisi mara nyingi hawajiwekei.

Katika klabu yetu kuna vijana watatu waliokosa zoezi moja la uhakiki. Mmoja alikuwa anamuuguza mama yake hospitali ya nje. Wawili walifika, mtandao ukawa umekata, wakaambiwa warudi, na waliporudi zoezi lilikuwa limefungwa. Kwenye orodha walionekana kama watu walioondoka kambini. Walikaa miezi bila mgao, wakila kwa majirani. Ripoti ya zoezi ilibandikwa ubaoni na jumla yake, namba nzuri, imenyooka. Haikusema mtandao ulikata saa ngapi. Muda mfu haukuandikwa.

Kuna na wazee wetu waliolima maisha yao yote, alama za vidole zimelika. Mashine inataka kadi na kidole, vyote viwili, kama saketi ya Rossi. Sharti hilo linazuia udanganyifu, ni kweli, na udanganyifu upo. Lakini Rossi angekwambia kwamba kila unapoongeza shahidi unapunguza uongo na pia unapoteza ukweli fulani, na ni wajibu wako kupima umepoteza kiasi gani. Mzee asiye na alama za vidole ni mtu halisi aliyegonga mrija mmoja tu.

Kwa hiyo nawaomba ndugu wa mashirika wanaosoma jarida hili: chini ya jumla, andikeni mstari mmoja zaidi. Milango ilifunguliwa saa ngapi kati ya saa zilizopangwa, na wangapi walirudishwa. Na mkiwa na orodha mbili zilizotengenezwa kwa njia tofauti, kwa mfano ya zahanati na ya mgao, zilinganisheni kama Geiger na Werner. Majina ya waliomo kwenye zote mbili yatawaonyesha makadirio ya wangapi hawamo popote. Lakini ziwe orodha huru kweli. Kama zote zimetoka kwenye daftari moja la getini, ni shahidi mmoja aliyevaa mashati mawili.

Sisi kwenye klabu tumeanza na kidogo tunachokiweza. Vijana wawili wanakaa pande mbili za barabara ya sokoni, wanahesabu baiskeli kwa nusu saa, kila moja inaandikwa rangi yake na dakika iliyopita, bila kuangaliana. Kisha tunalinganisha madaftari na kutafuta zile ambazo hakuna aliyeziona. Mara ya kwanza walibishana sana, kila mmoja akidai yake ndiyo sahihi. Sasa wanauliza swali jingine kabla hata ya kujumlisha: tumekosa ngapi? Jumamosi ijayo tunafanya tena, saa tatu asubuhi. Anayetaka kuja, aje na kalamu.